Bima ya afya kwa wote: nani atamlipia asiye nacho?

*Huduma za kibingwa zimesogea karibu na wananchi, lakini bei yake imewatangulia. Mfuko wa bima unalalamika, hospitali zinalalamika, na mgonjwa asiye na kadi anauza shamba.*

Katika vitengo vya kusafisha damu vya hospitali zetu kubwa, viti hupangwa kwa mstari, kila kimoja na mashine yake. Mgonjwa huja mara tatu kwa wiki. Hufungwa mirija mkononi au shingoni, na kwa muda wa saa nne hivi damu yake hutoka, huchujwa na kurudi mwilini. Muuguzi hupita, hutazama namba kwenye kioo, huuliza kama kuna kizunguzungu.

Mashine haibagui. Lakini ukikaa kwenye benchi la ndugu, nje ya mlango, hutachukua muda kujua nani ameingia kwa kadi na nani ameingia kwa fedha taslimu. Ndugu wa mwenye kadi anasubiri tu saa zipite. Ndugu wa asiye na kadi yuko kwenye simu: anamkumbusha shemeji ahadi yake, anabembeleza wanakikundi wamkopeshe tena, anauliza kama kile kiwanja kimepata mteja. Maana kesho kutwa ni siku nyingine ya mashine, na namba ya malipo itatolewa upya.

Tufanye hesabu kidogo. Bei ya kusafisha damu hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, na kwa miaka ya karibuni haikuwa ajabu kukuta inazidi shilingi 200,000 kwa mara moja. Tuchukue hiyo 200,000. Kwa wiki ni 600,000. Kwa mwaka ni shilingi milioni 31.2. Hapo hatujahesabu sindano za kuongeza damu, dawa za presha, vipimo vya kila mwezi, wala nauli ya mgonjwa na anayemsindikiza.

Sasa tuangalie upande wa kadi. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni shilingi 500,000. Mchango wa bima ni asilimia 6 ya mshahara, nusu anatoa mtumishi na nusu mwajiri wake. Kwa mtumishi huyo ni shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka.

Gawanya. Mgonjwa mmoja wa figo anahitaji michango ya mwaka mzima ya watumishi 87 wa kima cha chini, na watumishi hao 87 wasiugue hata mafua. Wala wake zao, waume zao na watoto wao wasiugue, kwa sababu kadi moja huhudumia mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wengine hadi wanne.

> Mgonjwa mmoja wa figo anahitaji michango ya mwaka mzima ya watumishi 87 wa kima cha chini, na watumishi hao wasiugue hata mafua.

Kila mvutano unaosikika leo juu ya gharama za matibabu Tanzania Bara, iwe bungeni, hospitalini au kwenye ofisi za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), unaanzia kwenye hesabu ya namna hii. Nasema Tanzania Bara kwa sababu afya si jambo la Muungano; Zanzibar ina sheria na mfuko wake.

Kutoka bure hadi kuchangia

Waliozaliwa miaka ya 60 na 70 wanakumbuka hospitali isiyo na dirisha la malipo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa haki ya raia, na serikali ilijenga zahanati na vituo vya afya hadi vijijini. Mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali za watu binafsi za kujipatia faida. Zilizobaki nje ya serikali zikawa hasa za mashirika ya dini.

Kisha uchumi ukayumba. Kufikia mwisho wa miaka ya 80, matibabu yalikuwa bure lakini dawa hazikuwepo, glovu hazikuwepo, na daktari aliandika cheti ambacho mgonjwa alikipeleka mtaani. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena, na kuanzia 1993 ukaanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama katika hospitali za serikali, kwa kuanzia na zile za juu.

Bima ilikuja kama njia ya kupunguza makali ya uchangiaji huo. Wilaya ya Igunga ilikuwa ya kwanza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) mwaka 1996. Sheria ya NHIF ilitungwa 1999 na mfuko ukaanza kazi 2001, kwanza kwa watumishi wa umma. Baadaye CHF iliboreshwa, na mikoa mingi kaya ya watu sita ikawa inalipa shilingi 30,000 kwa mwaka.

Shilingi 30,000 kwa watu sita ni 5,000 kwa kila mmoja. Kwa fedha hiyo mtu aliweza kutibiwa malaria, homa ya mapafu, kidonda, na mengine ya ngazi ya zahanati hadi hospitali ya mkoa. Mashine ya kusafisha damu haikuwamo, na hakuna namna ingeweza kuwamo.

Baada ya zaidi ya miaka 20 ya mifuko hii, takwimu za serikali zimekuwa zikionyesha kuwa Watanzania wenye bima ya aina yoyote ni kama 15 katika kila 100. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Hivyo wanaoingia hospitali wakitegemea mfuko wa suruali ni zaidi ya milioni 50.

Mafanikio yanayogharimu

Ni rahisi kuzungumzia kupanda kwa gharama kama vile kuna mtu mmoja ameamka na kuongeza bei. Sehemu kubwa ya ongezeko hili imetokana na jambo jema.

Miaka 20 iliyopita, Mtanzania aliyehitaji upasuaji wa moyo alikuwa na njia moja, kupelekwa India, na waliopata nafasi hiyo walikuwa wachache. Mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Novemba 2017 Muhimbili ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, na 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa za 2021, zile shilingi trilioni 1.3 za kukabiliana na athari za Uviko, zilijenga majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi, na zikanunua mashine za CT-Scan kwa hospitali za rufaa za mikoa.

Kwa hiyo kipimo ambacho zamani kilimtaka mtu wa Rukwa au Lindi asafiri hadi Dar es Salaam sasa kinaweza kupatikana mkoani. Daktari akishakuwa na mashine ataitumia, na ni haki aitumie. Lakini kila picha ina bei, vipuri vyake vinaagizwa nje, na fundi wake analipwa kwa mkataba wa dola.

Dola yenyewe imechangia. Dawa na vifaa tiba vingi vinavyotumika nchini vinatoka nje. Shilingi iliyokuwa ikibadilishwa kwa karibu 2,300 kwa dola kwa miaka kadhaa ilivuka 2,600 mwaka 2024. Bohari ya Dawa ikiagiza shehena ileile, inalipa zaidi. Duka la dawa la mtaani nalo likaongeza bei bila kutangaza.

Kisha kuna magonjwa yenyewe. Mfumo wetu ulijengwa kupambana na malaria, kuhara, surua na vifo vya uzazi: magonjwa ambayo mtu huugua, akatibiwa, akapona au akafa. Kisukari, shinikizo la damu, saratani na figo ni magonjwa ya kukaa nayo. Mwenye kisukari anayegundulika akiwa na miaka 40 anaweza kuhitaji dawa kwa miaka 30 ijayo. Mwaka 2022, aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alieleza hadharani kuwa magonjwa hayo yasiyoambukiza yanautikisa mfuko wa bima, na kwamba uhai wake uko hatarini.

Hapa inafaa tukae kidogo. Wengi wa wanaofika kwenye mashine ya kusafisha damu hawakuanza na figo. Walianza na presha au sukari. Kidonge cha kila siku cha presha ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa, na kipimo chake hakihitaji daktari bingwa. Muuguzi wa zahanati anatosha. Lakini mtu asiyeumwa kitu haendi zahanati kulipia kipimo. Na mwenye presha aliyeandikiwa dawa, akizikuta hazipo dirishani, hununua za wiki mbili, akajisikia nafuu, akaacha. Miaka minane baadaye anavimba miguu, na familia inaambiwa ijiandae kwa milioni 31 kwa mwaka.

Nchi inayomlipisha mtu kidonge cha presha, kisha ikabaki kushangaa bei ya kusafisha damu, imelipisha mahali pasipo pake. Bajeti ya zahanati ndiyo ingepaswa kulindwa kuliko zote, na ndiyo inayosikika kidogo kuliko zote, kwa sababu haina jengo la kukatiwa utepe.

Kisa cha kadi ya mtoto

Mwaka 2016 NHIF ilianzisha Toto Afya Kadi. Kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, mtoto wa chini ya miaka 18 angetibiwa hadi hospitali za juu kabisa. Wazazi wasio na ajira rasmi, waliozoea kuitazama bima ya watumishi kwa mbali, waliipokea kwa furaha.

Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa. Watoto wakaelekezwa kusajiliwa kupitia shule zao au vifurushi vya familia. Hasira ilikuwa kubwa, na kwa mzazi aliyekuwa katikati ya matibabu ya mwanawe ilikuwa zaidi ya hasira.

Mfuko ulikuwa na hoja, nayo ilikuwa nzito. Kadi ilikuwa ya hiari. Mzazi mwenye mtoto mzima aliona 50,400 ni ada ya shule, ni bati mbili tatu za kumalizia chumba. Mzazi mwenye mtoto mwenye tundu kwenye moyo, au mwenye selimundu, alikopa siku hiyohiyo akasajili. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na mtoto mmoja wa aina hiyo hulazwa na kuongezewa damu mara kwa mara. Mfuko ukajikuta unalipa mara nyingi zaidi ya ulichokusanya.

Nani wa kulaumiwa? Nimejaribu kumtafuta na sijamwona. Mzazi aliyengoja hadi mtoto augue ndipo akate kadi alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye 50,400 moja na mahitaji kumi angefanya. Mfuko uliosimamisha kadi ulikuwa unalinda michango ya walimu na wauguzi ambao wamekatwa mishahara tangu 2001. Kosa liko kwenye mpangilio: bima ya hiari ambayo mtu anaingia akiugua na kutoka akipona haiwezi kusimama popote duniani. Baadaye, baada ya malalamiko mengi, kadi ya watoto ilirudishwa kwa utaratibu mwingine. Tatizo lililoiua mara ya kwanza linabaki palepale iwapo watakaojiunga watabaki kuwa wenye wagonjwa peke yao.

> Mzazi alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye 50,400 moja na mahitaji kumi angefanya.

Siku kadi zilipokataliwa

Tarehe 1 Machi 2024, wanachama wa NHIF waliofika katika baadhi ya hospitali kubwa za binafsi walirudishwa. Siku hiyo ndiyo kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko unazilipia, kilianza kutumika. Kilikuwa kimetangazwa Desemba 2023, kikaahirishwa, na sasa kimeanza. Kilichotangulia kilikuwa cha 2016.

Upande wa mfuko ulieleza hivi: bei za 2016 zimepitwa na wakati, nyingine zilikuwa juu kuliko soko la sasa, hasa za dawa, huduma na dawa mpya zimeongezwa kwenye orodha, na fedha za wanachama lazima zidumu. Hospitali binafsi zilijibu kuwa bei mpya ziko chini ya gharama halisi. Hospitali binafsi haijengewi jengo na serikali, mishahara ya madaktari wake haitoki Hazina, na mkopo wake wa benki una riba. Huduma inayomgharimu mtoa huduma zaidi ya anacholipwa, walisema, ataitoa mara ngapi kabla hajafunga?

Wizara iliunda kamati, hospitali za umma na za dini zikaambiwa zijiandae kupokea wagonjwa waliokataliwa, na baada ya siku kadhaa za sintofahamu huduma zikaanza kurudi.

Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli, na zote zilikuwa na jambo ambalo hazikulisema kwa sauti. Udanganyifu upo. Kuna vituo vilivyowahi kudai malipo ya vipimo ambavyo havikufanyika na dawa ambazo hazikutolewa, na mfuko umeshachukua hatua dhidi ya baadhi. Kuna wanachama wanaoazimana kadi, dada anatibiwa kwa jina la mdogo wake. Na kuna mfuko unaochelewesha malipo hadi mtoa huduma anapandisha madai yake ili kufidia kusubiri. Kila upande unajilinda dhidi ya mwingine, na gharama ya kujilinda huko inaingia kwenye bei.

Aliyeumia siku zile ni mwalimu mstaafu mwenye miadi ya daktari wake wa macho, na mama aliyekuwa katikati ya sindano za saratani. Hao walikuwa wamekwisha kulipa. Walikatwa kila mwezi kabla mshahara haujafika mkononi.

Msamaha unaolipwa na hospitali

Kwa asiye na kadi wala fedha, sera ya afya imeweka msamaha. Mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, na wagonjwa wa baadhi ya magonjwa sugu hawapaswi kulipa. Ukiingia hospitali yoyote ya serikali utaona dirisha la wazee, na kwenye ukuta maandishi kwamba mpishe mzee kwanza.

Ila jiulize nani analipia msamaha huo. Mara nyingi hakuna. Hospitali hununua sehemu ya dawa na vitendanishi vyake kwa fedha inayokusanya dirishani. Mgonjwa wa msamaha anatumia dawa ileile, kitendanishi kilekile, na haachi shilingi. Wakiwa wengi, kabati linabaki tupu. Ndipo mzee anaonana na daktari bure, anafungua faili bure, kisha anaambiwa maneno ambayo kila familia nchini imeyasikia: dawa hii haipo, mkanunue nje.

Mama mjamzito hali kadhalika. Kujifungua ni bure, lakini orodha anayopewa kliniki ina glovu, pamba, uzi wa kitovu, wembe, na mpira wa kutandika kitandani. Anavinunua kidogokidogo kuanzia mwezi wa sita.

Kwa ambaye hayumo kwenye makundi hayo lakini hana kitu, kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa atamuuliza ana ndugu gani, wanafanya kazi gani, ana barua ya mtendaji? Barua ya mtendaji iko kijijini, na mgonjwa yuko wodini. Maafisa hawa wanabeba kazi ngumu: kupima umaskini wa mtu kwa kumtazama usoni, huku uongozi wa hospitali ukiwakumbusha idadi ya misamaha waliyokwisha kutoa mwezi huo.

Wanaoshindwa kote huko huenda kwa wakopeshaji. Mikopo ya kausha damu imepata jina lake kwa haki. Mtu anakopa kulipia upasuaji wa mama yake, anarejesha kila wiki, akikosa wiki moja kiti na redio vinachukuliwa. Wengine hufungua kundi la simu la michango, wakaweka picha ya mgonjwa na nakala ya ankara. Miaka kumi iliyopita makundi hayo yalikuwa ya harusi. Sasa mtu mmoja yuko kwenye manne au matano kwa wakati mmoja, na mawili kati ya hayo ni ya figo.

Kisha kuna jambo linaloumiza kuliko yote, la hospitali kuzuia maiti hadi deni lilipwe. Wizara imelikemea zaidi ya mara moja, na limeendelea. Hospitali hueleza kwamba mgonjwa aliyelala chumba cha mahututi ametumia oksijeni, damu na dawa za mamilioni, na familia ikishazika haionekani tena. Hoja hiyo ina hesabu ndani yake. Haina utu. Maiti si dhamana, na familia iliyokwisha kuuza ng'ombe kumtibu baba haiwezi kuambiwa iuze ng'ombe wa pili ndipo ipate kumsitiri.

> Dawa hii haipo, mkanunue nje: maneno ambayo kila familia nchini imeyasikia.

Sheria na fungu lake

Jibu la serikali kwa haya yote ni Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Safari yake ilikuwa na mabonde. Muswada wa kwanza wa 2022 ulizua kelele kwa mambo mawili. La kwanza ni kiwango kilichotajwa: shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita, au 84,000 kwa mtu mmoja. La pili ni pendekezo la kumtaka mtu awe na bima kabla ya kupata huduma kama leseni ya udereva au ya biashara. Muswada uliondolewa, ukafanyiwa kazi, na Bunge likaupitisha Novemba 2023.

Kiwango kile cha 340,000 kilipotajwa, wengi walisema ni kikubwa mno, na kwa mkulima wa mtama wa Singida ni kikubwa kweli. Lakini tuirudie hesabu yetu ya mwanzo: 360,000 anayochangiwa mtumishi wa kima cha chini tayari inaelemewa. Ukishusha kiwango cha kaya hadi mkulima akimudu, mtu mwingine lazima ajaze pengo. Hakuna kiwango ambacho ni chepesi kwa maskini na kinatosha hospitali.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, sehemu muhimu kuliko zote katika sheria hiyo ni mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Sheria imeutafutia vyanzo: ushuru wa vinywaji baridi, vileo na vipodozi, kodi ya michezo ya kubahatisha, bima za vyombo vya moto, miamala ya kielektroniki. Ni vyanzo vyenye mantiki. Soda na pombe zina mkono wao kwenye sukari na presha tunazozitibu.

Maswali mawili yanabaki. La kwanza: asiye na uwezo ni nani? Orodha za kaya maskini za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) zipo, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Ila mama lishe wa Buguruni na kijana wa bodaboda wa Mwanza hawamo kwenye orodha hizo, na mshahara hawana. Siku njema wanapata, siku mbaya hawapati. Wakiugua wote wawili wanaanguka moja kwa moja kwenye umaskini ambao orodha haikuwahesabia. Kundi hili ndilo kubwa, na ndilo lililoshindwa kukusanywa na kila mpango wa hiari tangu Igunga.

Kwao, namna ya kukusanya ina uzito sawa na kiwango. Mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi hupata fedha mara moja kwa mwaka, mnada ukipita, kupitia chama chake cha msingi. Ukimdai mchango mwezi Oktoba hadi Desemba utaupata. Ukimdai Aprili utapata maneno. Mwendesha bodaboda anaweza kutoa 1,000 kila siku kwa simu, hawezi kutoa laki tatu Januari pamoja na ada za shule. NHIF iliwahi kuanzisha mpango wa Ushirika Afya kwa wakulima walio kwenye vyama, na wazo lile lilikuwa sahihi. Lilistahili kupanuliwa hadi kwa wavuvi, wafugaji na vijiwe vya bodaboda.

Majirani wanatufundisha kwa njia mbili tofauti. Kenya ilibadili mfuko wake Oktoba 2024, ikaweka mchango wa asilimia 2.75 ya kipato, na kwa wasio na ajira kiwango cha chini cha shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Wenye ajira wanakatwa bila kuulizwa. Kuwapata wasio na ajira ndiyo kazi, na hospitali zikabaki zikidai madeni ya mfuko wa zamani. Rwanda ilianza majaribio ya bima za jamii mwaka 1999 na leo zaidi ya wananchi wanane katika kila kumi wana bima. Huko mchango umefuata uwezo wa kaya, maskini kabisa wakalipiwa, na ufuatiliaji ukafanywa na viongozi wa ngazi ya kijiji. Rwanda ni ndogo na serikali yake imeshika hadi kitongoji. Hatuwezi kuiga kila kitu. Lakini kulipiwa kwa maskini kulianza mapema, na hilo linaigika.

Swali la pili ni la fedha kufika. Agosti 28, 2025, akizindua kampeni zake za uchaguzi Kawe, Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kwamba ndani ya siku 100 za muhula mpya bima ya afya kwa wote ingeanza, wasio na uwezo wangelipiwa vipimo na matibabu ya kibingwa, na kuzuia maiti kungepigwa marufuku. Ni ahadi kubwa, na figo zimo ndani yake. Ilitolewa wakati mbaya kifedha. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na kwa nchi ambayo dawa na huduma za VVU zimebebwa kwa miaka mingi na fedha za nje, hilo ni pengo jipya juu ya mapengo ya zamani. Lengo la Abuja la 2001, la kila nchi ya Afrika kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, bado hatujalifikia.

Chanzo kikitajwa kwenye sheria, fedha bado ina safari: inakusanywa, inaingia Hazina, na inasubiri kutolewa. Wasomaji wa vitabu vya bajeti wanajua umbali uliopo kati ya kiasi kilichoidhinishwa na kiasi kilichotoka. Kila Juni, Dodoma, wabunge wana nafasi ya kuuliza mambo matatu kuhusu mfuko wa wasio na uwezo: umeidhinishiwa kiasi gani, umepokea kiasi gani, na kaya ngapi zimekatiwa kadi katika kila halmashauri. Majibu hayo yabandikwe pia kwenye ubao wa zahanati, pale linapobandikwa tangazo la kliniki, ili mganga mfawidhi ajue madai yake yatalipwa na tarehe ngapi, na mwenye presha ajue kwamba kidonge chake cha mwezi ujao kimekwisha kulipiwa.